Somo la Redio: Kumkumbuka Mama Mkarimu Aliyefariki

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, ana daftari na kalamu, na mwalimu wenu amesimama karibu na ubao. Somo hili lilisomwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili mlisome wenyewe polepole. Anayesoma upesi na amngoje mwenzake. Mwisho wa somo yako maneno ya kujifunza, maswali, na kazi ya kufanya nyumbani.

Leo tutasema juu ya jambo linalofika kila nyumba. Mama mmoja wa nyumbani amefariki. Labda ni mama mzazi, labda ni bibi, shangazi au dada mkubwa. Alikuwa mtu wa kupenda watu na wa kutoa. Watu wamelia, wamemzika, wamekaa matanga, kisha kila mtu amerudi kwake. Je, tutamkumbukaje? Na ninyi mnaojua kusoma na kuandika mna kazi gani katika jambo hili?

1. CHETI NA SIFA

Mtu akifariki, kifo chake hupaswa kuandikishwa. Kwa Tanzania Bara sheria yataka kifo kiandikishwe katika muda wa siku 30, na kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huuita RITA. Msipuuze jambo hili. Bila ya cheti cha kifo ni taabu kushughulikia mirathi au fedha zilizoachwa benki.

Lakini tazameni cheti kinasema nini. Kinataja jina, kinataja siku, kinataja mahali. Hakisemi mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani. Hakisemi ni nani aliyekula mkononi mwake.

Basi watu husema, "Sisi tutamkumbuka kwa sifa zake." Wakisimama kuzungumza makaburini, au siku ya arobaini, husema: "Marehemu alikuwa mkarimu. Alikuwa na upendo. Alipenda watu wote." Maneno haya ni mazuri, wala si uongo. Shida yake ni moja: yanamfaa kila mama. Ukiyasoma baada ya miaka ishirini hutajua yanamhusu nani. Ni kama kanga iliyokatwa bila kupimwa mtu, itamkaa yeyote.

Ukitaka mtu akumbukwe, usiandike sifa peke yake. Andika tendo. Andika alimpa nani, alimpa nini, lini, na wapi. Sifa ni jani, tendo ni mzizi.

2. MTOAJI HASEMI

Hapa tunakuta jambo gumu. Mtu mkarimu kweli kweli hatangazi anachotoa. Methali yetu yasema, "Kutoa ni moyo, si utajiri." Mwenye moyo huo hutoa jioni, watu wakiwa ndani, au humtuma mtoto mdogo apite uani. Hufanya hivyo ili anayepokea asione haya. Kwa hiyo hata watu wa nyumba yake hawajui yote aliyoyatenda.

Nitawapa mfano wa mtu niliyemjua. Baba yangu alikuwa na shangazi, na sisi watoto tulimwita Bibi. Alikaa Muheza, katika Mkoa wa Tanga. Alilima mihogo na kuuza maandazi, na alilea watoto wanne ambao si wa tumbo lake. Alifariki mwaka 2011. Siku ya tatu ya matanga alikuja mtoto wa kiume, umri wake kama miaka minane, ameshika bakuli la bati. Alisimama penye mlango wa jikoni akanyamaza. Akina mama wakamwuliza, "Wataka nini, mwanangu?" Akajibu, "Babu anauliza kama uji upo leo."

Babu huyo alikuwa jirani, mzee asiyeona. Kila asubuhi, kabla ya kukaanga maandazi, Bibi alimpelekea uji. Alifanya hivyo miaka mingi, wala hakuna mtu wa nyumbani aliyeambiwa. Wenye nyumba walidhani kwamba wanamjua Bibi, kumbe yuko mtu wa nyumba ya tatu aliyejua jambo kubwa wasilolijua wao. Mzee yule alikuwa amekaa asubuhi mbili bila ya uji, naye kwa heshima ya msiba hakutaka kuuliza.

Mnaona, ndugu zangu? Habari za mtoaji haziko kwake, ziko kwa waliopokea. Mkono wa kutoa hausemi. Mkono uliopokea ndio wenye habari. Na ukichelewa kuuliza, mambo mawili hutokea. Kwanza, waliopokea nao huzeeka na kufa. Pili, waliokuwa wakimtegemea hukaa na njaa kimya kimya, wala ninyi hamna habari.

3. GEUZENI DAFTARI LA RAMBIRAMBI

Katika misiba yetu mara nyingi yupo mtu aliyekaa karibu na mlango mwenye daftari. Kila anayekuja na rambirambi huandikwa jina lake na fedha alizotoa: fulani shilingi elfu mbili, fulani shilingi elfu tano, fulani kilo tatu za mchele. Ni desturi nzuri, maana fadhila hurudishwa. Tena yako maneno ya wazee, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Sasa fanyeni hivi. Msiba ukiisha, lichukueni daftari lile lile, ligeuzeni, mwanzie nyuma. Upande wa mbele mmeandika waliotoa siku ya msiba. Upande wa nyuma andikeni yale aliyotoa marehemu siku za uhai wake. Juu ya ukurasa wa kwanza mwandike jina lake kamili, kisha mpige mistari mkapata vyumba vinne:

Chumba cha kwanza: Jina la anayesimulia.
Chumba cha pili: Alitendewa nini na marehemu.
Chumba cha tatu: Mwaka gani, au wakati gani.
Chumba cha nne: Nani mwingine anajua habari hii.

Chumba cha nne msikiache. Hicho ndicho kitakachowapeleka kwa mtu wa pili, na wa pili awapeleke kwa wa tatu. Mtaona kuwa daftari linajaa upesi kuliko mlivyodhani.

Wakati mzuri wa kuanza ni kati ya matanga na arobaini. Watu bado wanakuja kuhani, ndugu wa mbali hawajarudi makwao, na habari bado ziko midomoni. Ikiwa msiba ulipita zamani, msikate tamaa. Anzeni leo kwa mzee kuliko wote.

4. WAULIZWE NANI, NA WAULIZWEJE

Msiwaulize watoto wake tu. Watoto humjua mama akiwa mama. Hawamjui akiwa msichana, wala akiwa sokoni. Waulizeni hawa:

Ndugu na marafiki aliokua nao, maana wao wajua utoto wake.
Majirani wa nyumba tatu kila upande.
Wenzake wa biashara, wa shamba, na wa upatu.
Akina mama aliokuwa akiswali nao au akisali nao.
Watoto aliowalea, hata kama sasa ni watu wazima na wanakaa mbali.
Mtu aliyewahi kugombana naye kisha wakapatana. Huyu atawaambia jambo ambalo marafiki hawalijui.

Sasa namna ya kuuliza. Ukimwendea mama mzee ukamwuliza, "Marehemu alikuwa mtu gani?" atakujibu, "Alikuwa mtu mwema," naye atanyamaza. Hukupata kitu. Uliza juu ya jambo dogo. Uliza, "Mara ya kwanza mlionana wapi?" Uliza, "Alipokuja kwako alikuwa akibeba nini?" Uliza, "Ulipokuwa mgonjwa, nani alikuja?" Uliza, "Alipenda kusema neno gani?" Swali dogo hufungua mlango mkubwa.

Mwacheni msimulizi amalize. Akilia, ngojeni. Msimsahihishe mbele za watu hata kama amekosea mwaka, mtalinganisha baadaye. Mwenye simu ya mkononi inayorekodi sauti aweza kurekodi, lakini amwombe msimulizi ruhusa kwanza. Hata ukirekodi, andika. Simu huanguka majini, simu huibiwa, na simu huuzwa pamoja na vilivyomo.

Tena tazameni habari ya Siti binti Saad, mwimbaji mkuu wa taarabu. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu wa hali ya chini, na katika ujana wake aliuza vyungu. Alifariki mwaka 1950. Sauti yake ilihifadhiwa katika santuri, ambazo alianza kuzitoa huko Bombay mwaka 1928. Lakini santuri haisemi habari za vyungu. Habari za maisha yake tunazisoma kwa sababu Shaaban Robert alishika kalamu akaandika wasifu wake, ukachapishwa mwaka 1958. Mama zetu wengi hawana santuri. Basi wanaihitaji kalamu zaidi.

5. KUTAFUTA MIAKA

Wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Msiseme, "Hatujui," mkaacha. Mwaka hutafutwa kwa kulinganisha maisha ya mtu na mambo makubwa yaliyotokea nchini. Nakilini orodha hii katika madaftari yenu:

1939 hadi 1945: Vita Kuu ya Pili.
9 Desemba 1961: Uhuru wa Tanganyika.
12 Januari 1964: Mapinduzi ya Zanzibar.
26 Aprili 1964: Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.
5 Februari 1967: Azimio la Arusha.
1970: Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.
Katikati ya miaka ya 1970: Kuhamia katika vijiji vya ujamaa.
1978 hadi 1979: Vita vya Kagera.
1997 hadi 1998: Mvua kubwa za El Nino.
14 Oktoba 1999: Kifo cha Mwalimu Julius Nyerere.

Wasomaji wa Kenya wataongeza Uhuru wao, tarehe 12 Desemba 1963. Kila kijiji nacho kiongeze mambo yake: mwaka wa daraja, mwaka wa njaa, mwaka shule ilipojengwa.

Tazameni sasa tulivyoutafuta mwaka wa kuzaliwa Bibi. Mdogo wake alisema, "Vita ya Hitler ilipokwisha, dada alikuwa aking'oka meno ya utoto." Vita ilikwisha mwaka 1945. Mtoto huanza kung'oka meno ya utoto apatapo miaka sita hivi. Tulitoa 6 katika 1945, tukapata 1939. Mtu wa pili alisema, "Siku ya Uhuru alisimama uwanjani na mtoto wa kwanza mgongoni." Uhuru ulikuwa mwaka 1961. Tulitoa 1939 katika 1961, tukapata 22. Umri wa mama kijana. Habari mbili zimekubaliana. Basi tuliandika: "Alizaliwa karibu na mwaka 1939." Neno "karibu na" ni neno la mtu mkweli. Usiandike tarehe kamili usiyoijua ili karatasi ipendeze.

Kwa hesabu hiyo, alipofariki mwaka 2011 alikuwa na umri wa miaka 72 hivi. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kwenye ubao.

6. ZAWADI, KARADHA NA AMANA

Sasa tunafika mahali ambapo nyumba nyingi hugombana. Mtu mkarimu huacha nyuma yake vitu vya watu, na vitu vyake huwa kwa watu. Baada ya matanga huja mmoja akasema, "Marehemu alinipa cherehani hii." Mwingine husema, "Si kweli, alikuazima tu." Wa tatu husema, "Mimi nilimwekea fedha zangu." Marehemu hawezi kujibu. Kama hakuna maandishi, ukarimu wake wageuka ugomvi, na jina lake zuri huchafuka mdomoni mwa watu.

Yatupasa kujua tofauti ya maneno manne:

Zawadi ni kitu alichokupa kiwe chako. Hakirudi.
Karadha ni fedha aliyokukopesha bila ya faida. Hurudi kama ilivyo.
Azima ni kitu alichokupa ukitumie kisha ukirudishe, kama jembe au sufuria kubwa.
Amana ni kitu chako ulichompa yeye akutunzie. Si mali yake, wala hakiingii katika urithi wake.

Bibi yule niliyewatajia alikuwa mtunza fedha wa wenzake sokoni. Akina mama waliouza ndizi, machungwa na dagaa walimpa fedha kidogo kidogo awatunzie, maana nyumbani kwao hazikai. Zamani, alipokuwa hajui kusoma, alizifunga katika vipande vya kanga kuukuu, kila mtu na rangi yake. Kisha katika miaka ya 1970 alikwenda darasani, katika kisomo cha watu wazima, kama mlivyo ninyi leo. Alijifunza akiwa mtu mzima mwenye watoto, baada ya kazi ya shamba. Alipojua kuandika, aliacha vile vipande vya kanga, akanunua daftari dogo la shule. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake. Juu aliandika jina, na chini fedha iliyoingia na iliyotoka. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimeinama, lakini zilisomeka.

Alipofariki, kulikutwa sandukuni fedha shilingi 214,500. Wengine katika ukoo walifurahi, wakidhani ni urithi. Kisha likafunguliwa lile daftari. Majina yalikuwa tisa. Hesabu ya kurasa zote tisa ilikuwa shilingi 206,000. Basi fedha ya Bibi mwenyewe ilikuwa shilingi 8,500. Mwanamke aliyetunza fedha za soko zima alikufa na shilingi elfu nane na mia tano.

Waliitwa wale akina mama tisa, mmoja mmoja, mbele ya wazee wawili, wakapewa fedha zao, wakatia sahihi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Mmoja alikuwa mama muuza dagaa mwenye shilingi 61,000. Ilikuwa fedha ya kumpeleka mwanawe sekondari, na mumewe hakuijua. Lau daftari lile lisingekuwapo, mama huyu angedai bila ya shahidi, na pengine angefukuzwa mlangoni kama mwongo. Mtoto asingekwenda shule.

Kwa hiyo, ninyi mlio hai, andikeni amana za watu leo. Na mkifiwa na mtu wa namna hii, kabla ya kugawa kitu, ulizeni: kipi chake, kipi cha watu, kipi kiko kwa watu? Deni lilipwe, amana irudi, kisha ndipo urithi. Hakuna njia bora ya kumheshimu mtu mwaminifu kuliko kuutimiza uaminifu wake.

7. UKURASA MMOJA

Mkisha kukusanya habari, andikeni ukurasa mmoja. Hapana haja ya kitabu. Sentensi ziwe fupi. Someni mfano huu, mtu mmoja asome kwa sauti:

"Bibi yetu alizaliwa karibu na mwaka 1939. Aliolewa akiwa kijana. Alizaa watoto watatu, akalea na wengine wanne. Alilima mihogo na kuuza maandazi kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Alitunza fedha za wenzake, wala haikupotea hata senti. Kila asubuhi alimpelekea uji jirani asiyeona. Mtoto akivunja kikombe, yeye kwanza alimtazama vidole kama vimekatika, kisha ndipo akauliza kikombe. Hakupenda kuamshwa usingizini, na aliyemwamsha alisikia maneno makali. Alifariki mwaka 2011. Tunaoandika ni sisi aliotulea."

Tazameni, neno "mkarimu" halimo. Neno "upendo" halimo. Lakini je, msomaji hakuuona ukarimu? Hakuuona upendo? Ukitaja uji na vidole vya mtoto, hapana haja ya kutaja sifa; msomaji ataitaja mwenyewe.

Tena tazameni sentensi ile ya maneno makali. Watu wengine husema haifai kutaja kasoro ya marehemu. Ni kweli, aibu ya mtu na isitirike. Siri zake na msizitoe nje. Lakini tabia ndogo kama hii si aibu. Humfanya awe mtu tuliyemjua, mwenye sauti yake. Atakayezaliwa kesho, akisoma kwamba bibi yake hakupenda kuamshwa, atacheka, na hapo atakuwa amekwisha mpenda.

Nakala ya ukurasa huo iwe katika kila nyumba ya ukoo. Moja isikae sandukuni. Iwekwe mahali watoto watakapoisoma. Nyuma ya picha yake, kama mnayo, andikeni jina lake, mwaka picha ilipopigwa, na majina ya waliosimama naye. Picha isiyoandikwa nyuma, baada ya vizazi viwili huwa picha ya mgeni.

8. NANI ATAUPELEKA UJI?

Limebaki jambo la mwisho, nalo ni kubwa kuliko maandishi. Daftari likisha jaa, lisomwe mbele ya ukoo wote. Kisha ulizeni swali hili: katika mambo aliyokuwa akiyatenda, lipi limesimama kwa sababu yeye hayupo? Na nani atalichukua?

Hamwezi kuyachukua yote. Yeye mwenyewe aliyajenga kwa miaka mingi. Gawaneni. Mmoja aseme, "Mimi nitamtazama mtoto yule mpaka amalize darasa la saba." Mwingine aseme, "Mimi nitakwenda kumwona mgonjwa yule kila Ijumaa." Asiye na fedha aweza kuteka maji. Jina la kila mmoja liandikwe, pamoja na kazi aliyoichukua, katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwaka ukipita, lifunguliwe tena, aulizwe.

Kwetu sisi, uji ule ulichukuliwa na mke wa mjomba wangu. Asubuhi ya siku ya nne ya matanga alikoroga uji kabla hajakoroga wa wageni, akampelekea mzee mwenyewe kwa mkono wake. Mzee alipoonja alisema, "Sukari umezidisha. Mwenzio alikuwa hatii nyingi." Tangu siku hiyo alipunguza. Mzee yule aliishi miaka mitatu zaidi, naye uji haukumkosa.

Mtu akisha fariki, kuna kumlilia na kuna kumkumbuka. Kumlilia kuna mwisho. Matanga huondolewa, watu hurudi mashambani. Kumkumbuka ni kazi ya kila siku, tena yataka daftari.

MANENO YA KUJIFUNZA

Rambirambi: maneno au kitu cha kumfariji aliyefiwa.
Kuhani: kwenda kumpa pole aliyefiwa.
Wasifu: habari za maisha ya mtu zilizoandikwa.
Karadha: fedha ya kukopesha bila ya faida.
Amana: kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwingine kitunzwe.
Santuri: sahani ya kuhifadhi sauti ya nyimbo.

MASWALI

1. Kwa nini habari za mtu mkarimu hazijulikani zote na watu wa nyumba yake?
2. Taja vyumba vinne vya daftari. Kwa nini chumba cha nne kina maana?
3. Mzee mmoja alikuwa na miaka 10 siku ya Azimio la Arusha. Alizaliwa karibu na mwaka gani?
4. Mama ameacha shilingi 90,000. Katika fedha hizo, shilingi 75,000 ni amana za watu. Fedha yake mwenyewe ni kiasi gani?
5. Kuna tofauti gani kati ya zawadi na azima?

KAZI YA NYUMBANI

Mchague mtu mmoja wa nyumbani kwenu aliyefariki, ambaye alikuwa mwema kwako. Kabla ya somo lijalo mwendee mtu mmoja aliyemjua, wala asiwe mtoto wake. Mwulize maswali matatu madogo. Andika majibu yake kwa sentensi tano, uje nazo darasani. Asiyeweza bado kuandika sentensi tano na aandike moja, na aandike jina la marehemu vizuri, kwa herufi kubwa, juu ya ukurasa.

Katika somo lijalo tutajifunza namna ya kuandika hati ya kukopesha na kukopa. Kwaherini.